Wanaotembea na Wasiotembea

Uji ulikuwa mwepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Tangu sukari ipande bei, jikoni walikuwa wanauonyesha kijiko cha sukari kwa mbali, kisha wanakirudisha kabatini. Kiguu na Njia aliupoza kwa kuumimina kikombe hiki na kile, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Kasuku na kumtandikia taulo kifuani.

"Fungua mdomo."

"Wa moto."

"Nimeupoza."

"Kwa pumzi yako hiyo? Bora niungue."

"Kunywa, we kikongwe, usinichelewesho."

"Usinicheleweshe! Hata kusema hujui," Kasuku akacheka, na kijiko kikapita.

Walikuwa wamezeekea pamoja katika wodi hiyo ya nyuma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kiguu na Njia aliletwa na kaka yake angali msichana, akaambiwa atafuatwa Jumamosi. Jumamosi ngapi zimepita, hata yeye aliacha kuuliza. Jina walimpa wauguzi, kwa kuwa hatulii: kukicha yuko koridoni, jua likipanda yuko uani, anazunguka ukuta mpaka viatu vinaisha kisigino. Mwenzake miguu ilimfia zamani, ulimi ukabeba kazi ya viungo vyote. Na alikuwa na jambo moja: mkono wa mtu mwingine ukimletea kijiko, alifunga meno kama duka lililosikia mtu wa kodi anakuja. Mwaka ule Kiguu na Njia alipolazwa na malaria wodi nyingine, aliporudi alimkuta Kasuku amebaki mifupa na macho.

Taulo lilikuwa bado kifuani afisa alipoingia, mama mmoja mpole, kabeba mfuko wa vitambaa, vya kijani na vyeupe.

"Shikamooni, bibi zangu. Leo ndiyo leo. Paa hili limeoza, na kulitengeneza ni ghali kuliko kuwahamisha. Wanaotembea watavaa kijani, waende kwenye makao yenye bustani. Wasiotembea watavaa cheupe, waende hospitali ya mji wa pili. Kila mmoja atembee toka mlangoni mpaka dirishani, nimwone."

"Na huyu mwenzangu?" Kiguu na Njia akauliza.

"Hatembei, bibi. Ataenda na kundi lake."

"Hali, kama si mimi kumlisha."

"Kule kuna wahudumu, watamlisha. Na ninyi mtapigiana simu."

"Simu ya nani?" Kasuku akadakia kitandani. "Ya mkwe wako?"

Wodi nzima ikacheka, na afisa naye akacheka. Lakini vitambaa vilianza kufungwa mikononi. Mmoja alitembea akapewa kijani. Mwingine alitembea huku akiimba, akapewa kijani. Kiguu na Njia alisimama kwenye foleni akimtazama Kasuku, aliyekuwa anavuta nyuzi za taulo mojamoja.

Zamu yake ikafika. Akashika fremu ya mlango, akainua mguu, akaurudisha. Kisha akashuka sakafuni taratibu kama gunia linalotolewa mahindi.

"Bibi! Vipi tena?"

"Miguu imegoma."

Afisa akamgeukia muuguzi. "Sista, huyu hutembea?"

Muuguzi alivitazama vile viatu vilivyolika visigino. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amempisha mara tatu koridoni. Akakohoa.

"Mzee ni mzee, mama," alisema. "Jana si leo."

Cheupe kikafungwa. Wanaume wawili wakambeba kwa machela mpaka kwenye gari, na njia nzima akaishikilia miguu yake isicheze, kama anayemshika mtoto mtukutu msibani.

Hospitali ya mji wa pili ilikuwa na rangi mpya na mhudumu mmoja. Kiguu na Njia alilazwa upande wa mlango. Kasuku akalazwa ng'ambo, ukutani, katikati pakiwa na sakafu tupu.

"Sogeza kitanda changu kwa yule, mwanangu."

"Vitanda vimefungwa kwa skrubu, bibi. Na hapa hakuna kushuka. Ukivunjika nyonga nitaulizwa mimi."

Jioni uji ulikuja. Mhudumu alipeleka kijiko kwa Kasuku. Meno yakafungwa. Akabembeleza, akagombeza, akatazama safu ya midomo iliyomngoja.

"Huyu hataki. Kesho atataka."

Kiguu na Njia alijua dawa. Hatua chache tu. Lakini akisimama, kesho atafungwa kijani, apelekwe kwenye bustani yao. Akatupa shuka, akajitelezesha mpaka sakafuni, akaanza kusota kwa makalio, mikono ikivuta, miguu ikifuata nyuma kama mizigo ya mtu mwingine. Gauni lilipanda mapajani. Hakulishusha.

"We bibi, utaanguka!"

"Nitaangukia wapi, mwanangu? Chini si ndiyo hapa?"

Akafika. Akajivuta kwa chuma cha kitanda mpaka kidevu kikagusa godoro, nywele zimejaa vumbi, jasho linamtiririka. Akanyoosha mkono apewe kikombe. Mhudumu alisita, akampa.

Kasuku alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, na kicheko kikamtoka mpaka machozi. Mdomo ulikuwa wazi. Kijiko cha kwanza kikapita hapohapo.