Nani Aliliona Hilo Koti

"Mimi sisemi nadhani, nasema najua." Wagaki alikuwa amesimama katikati ya ua, mwiko mkononi, utadhani ploti ni yake. "Mtu amekufa Kianda, ukuta umemwangukia, na alikuwa na koti la kijani. Sasa Mutie, unataka nikueleze mara ngapi?"

"Sijakuuliza unajua nini," Mutie akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye ubao aliokuwa akiupiga randa. "Nimekuuliza umejuaje."

Nabalayo alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, mikono katikati ya magoti, akiwasikiliza majirani hao wawili wakimgombania mume wake kana kwamba yeye hayupo. Ilikuwa Jumanne, mwaka wa sabini na tatu. Lusweti, fundi wa mawe, alitoka hapa mtaani Kongo, Kawangware, Jumamosi alfajiri kwenda kujenga ukuta Kianda, kule Kibera, na hakurudi. Jumapili habari ikafika Kawangware kwamba ukuta umeanguka na fundi mmoja amekufa. Jumatatu Nabalayo akaenda huko kwa miguu, akakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Majirani wa pale walijua kuna aliyekufa, jina hawakulijua. Khamala, binamu ya Lusweti, akaenda chumba cha maiti, akaambiwa arudi na barua ya chifu.

Halafu asubuhi hii ndipo habari ya koti ilipoingia. Lusweti alikuwa na koti la kijani, la pekee, na Kawangware nzima sijui kama ungepata la pili.

Khamala alikuwa tayari ameandika maneno ya telegramu ya kupeleka kwao Bungoma. Akamwinamia Nabalayo. "Mama Nekoye, lia. Watu wanangoja."

Alijua wanangoja nini. Kwao, mke akishapiga kilio, kilio hakirudi kinywani. Mwanamume aliyeliliwa na mkewe, hata akitokea mzima, havuki mlango wake mpaka wazee wa ukoo waje na kondoo. Na wazee wako Bungoma. Wapo wanaume waliolala nje miezi wakiwangoja, mwisho wakachoka, wakaenda zao. Lakini asipolia, na kama kweli Lusweti yuko kwenye yale masanduku ya baridi, watasema huyu mwanamke alikuwa na moyo gani.

"Tumesema watu watatu," Khamala akamgeukia Mutie. "Mimi, Wagaki na Musimbi. Sote watatu tukosee?"

"Wewe uliambiwa na nani?"

Khamala akamtazama Wagaki. Wagaki akasema yeye ameambiwa na Musimbi wa mandazi, na Musimbi ni mama wa kanisa, si mtu wa kutunga.

"Basi nyinyi watatu ni Musimbi mmoja," Mutie akasema, akarudi kwenye randa yake.

Nabalayo akainuka. Hakumwambia mtu anakwenda wapi.

Musimbi alipomwona aliacha mandazi yaungue, akamkumbatia, akalia yeye kwanza. Kisha akakiri kwamba hakuona kitu. Alisikia kwa Sella, yule muuza maji wa mferejini, na Sella alivyoieleza, mpaka kiraka cha buluu kwenye kola, ungesema alikuwepo.

Kiraka cha buluu. Kiraka hicho Nabalayo alikishona mwenyewe, na tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amekitaja. Kwa hiyo kuna mtu alisimama karibu na maiti, akaona kola. Njiani, mbele ya bucha, mdomo ukafunguka wenyewe kupiga kilio, na ilibidi auzibe kwa kanga.

Sella alifunga bomba, akamtazama vizuri. "Mama Nekoye, si ni wewe uliniambia?"

"Mimi?"

"Jana asubuhi. Ulikuja na debe, ukauliza kama kuna mtu wa Kibera amepita hapa akasema ameona koti la kijani, kola ina kiraka cha buluu. Ukasema unaogopa huo ukuta usiwe umemwangukia. Nami nikamwambia Musimbi vile vile ulivyosema. Ya kufa sikusema mimi."

Hofu ya Nabalayo mwenyewe ilitoka kinywani mwake Jumatatu, ikazunguka mtaa, ikavishwa nguo, ikarudi nyumbani kwake kama mgeni mwenye habari. Alitaka kucheka, akashindwa, maana kama hakuna aliyeona koti, hilo halikumfanya Lusweti awe hai. Alikuwa amerudishwa pale pale pa jana, hajui.

Aliporudi alimwambia Khamala aichane ile karatasi. Khamala akakataa. Wagaki naye akauliza githeri aliyowapikia watu wa matanga italiwa na nani, na mabenchi yameshaazimwa. Walikuwa wakibishana hivyo geti lilipolia, akaingia Lusweti, shati tupu, vumbi la mawe nyweleni.

Wagaki akamwangalia miguu kwanza, kama inagusa chini.

Lusweti akauliza nani amekufa hapa. Kisha akasema yeye ametoka Mwala. Aliyekufa ni Ndeti, mwenzake wa kazi. Alimfunika kwa koti lake ili watu wasimkodolee macho, koti likaenda na maiti, naye akapanda lori kwenda Mwala, kwao Ndeti, kumwambia mke wa marehemu, asije akaipata habari midomoni mwa watu.

"Kwani niliyemtuma hapa hakufika?"

Hakufika.

Hapo Wagaki akadakia. "Si nilisema? Maiti ilikuwa na koti la kijani. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Mutie akasema, "na imekuwa kweli. Lakini hukuwa unajua."

Wagaki akaenda kukoroga githeri.

Lusweti alikuwa amefika mlangoni kwake, akasimama. Akatazama mabenchi, sufuria kubwa, karatasi mkononi mwa Khamala. Mtu wa Bungoma hahitaji kuelezwa. Mguu hakuuinua.

"Ulilia?" akamwuliza mkewe polepole.

Nabalayo hakuyaamini hata macho yake. Akamshika mkono, akaupapasa, akasikia saruji iliyokauka kwenye vidole.

"Sikulia," akasema. "Ingia ule."