Maji ya Kwa Shitanda

Roda alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umepoa. Huu wake ulikuwa umehamia kwenye mifupa ukafanya makao. Miguu ilimvimba, mgongo ulimuuma, na harufu ya tapentaini ya kuchanganyia rangi ilimfuata hadi kanisani, watu wakawa wanamwachia benchi nzima peke yake. Lakini ukitaka kujua kilichomchosha hasa, usiulize miguu wala mgongo. Uliza maporomoko.

Maporomoko ya Isiukhu, kule msituni upande wa Buyangu, Roda aliyachora mpaka akayachukia. Kulikuwa na hoteli ya watalii huko, na meneja wake, Cheruiyot, alipiga simu kila picha zilipoisha ukutani. "Mama Roda, tuletee zingine. Zile zile." Zile zile maana yake maji meupe yakishuka katikati, miti kulia na kushoto, jua likipenya kwa juu, na mbega wawili wamekaa kwenye tawi. Siku moja Roda alichora mbega mmoja tu, Cheruiyot akamuuliza mwenzake ameenda wapi. Wageni walinunua, wakazikunja, wakapanda ndege nazo. Na Roda naye akala, akasomesha watoto, akajenga pale Khayega, kwa hiyo usimwone ni mtu asiye na shukrani. Ila jamani, hata ingokho, kuku wetu mtamu, ukipewa asubuhi, mchana na jioni miaka nenda miaka rudi, mwisho utaomba mboga.

Mambo yalikuwa hivyo wakati kaka yake alipomwita.

Phanuel alikuwa na saratani ya koo. Madaktari walikuwa wamesema walichoweza wamefanya, sasa apelekwe nyumbani, apewe dawa ya maumivu, akae na watu wake. Nyumbani akakataa kulala kwenye nyumba yake ya matofali, akisema mabati yanamchoma. Wakambeba wakampeleka nyumba ya marehemu mama yao, ile ya udongo yenye paa la nyasi, wakamtandikia kitanda chini ya ukuta, mkabala na dirisha. Obusuma, ugali wa nyumbani, hakuweza tena kumeza. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, ukitaka kumsikia unainama.

Roda akainama.

"Nichoree maji ya Kwa Shitanda," Phanuel akasema. "Nataka kuyaona kabla sijaenda."

Kwa Shitanda ndiko walikokuwa wakitumwa maji walipokuwa wadogo, chini bondeni, chemchemi iliyotoka kwenye ukingo wa udongo ikatengeneza kidimbwi cha kutosha mitungi. Sasa ukienda huko hukuti kitu. Baba yao mdogo alipanda mikalatusi bonde zima, ikanywa maji yote, na waliokuja na simenti na bomba kuiokoa chemchemi wakaacha bomba limechungulia nje, halina hata tone. Kwa hiyo maji yale yalikuwa yamebaki mahali pawili tu hapa duniani, kichwani mwa Phanuel na kichwani mwa Roda. Na kichwa cha Phanuel kilikuwa kinaondoka.

"Hilo tu?" Roda akasema. "Kesho kutwa nakuletea." Alilisema kirahisi, kama mtu anayeombwa chumvi.

Akachora. Usiku ule ule akaanza, na asubuhi ya siku aliyoahidi akaileta imefungwa kwenye shuka, rangi haijakauka vizuri. Winrose, mke wa Phanuel, akashika upande mmoja na Roda akashika upande wa pili, wakaisimamisha mbele ya mgonjwa. Winrose akamwambia wifi yake, "Ai, mulamwa, hii ni nzuri kabisa."

Phanuel akaitazama kwa muda. Kisha akafunga macho.

"Hii ni ya hoteli," akanong'ona.

Roda akacheka kidogo, akidhani ni utani. Halafu akaigeuza akaitazama mwenyewe. Maji katikati, miti kulia na kushoto, jua kwa juu. Mbega tu ndio hawakuwepo. Akaifunga tena kwenye shuka.

Akarudi Khayega akaanza upya. Akaondoa jua, akapunguza miti, akaweka mtungi. Kwa Shitanda hapakuwa hata na maporomoko, kwa nini mkono wake ulikuwa unayashusha tu? Akaufuta mkondo wa kati, akaona mkono umeurudisha wenyewe. Alipoleta picha ya pili Phanuel alisema, "Bado ni ya wageni." Ya tatu hakusema chochote, alitikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa kwenyewe kulimuumiza.

"Basi ilikuwaje?" Roda akapandisha sauti. Ndiyo, alimgombeza mgonjwa, na mimi simlaumu, maana kuchoka kuna mwisho. "Niambie ilikuwaje nichore! Mti ulikuwa wapi? Jiwe lilikuwa wapi?"

"Wewe ndiye mchoraji," Phanuel akasema.

Roda akatoka nje akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalia. Hakulia kwa sababu ya kaka kufa. Hilo alikuwa ameshalilia na angelilia tena. Alilia kwa sababu alifumba macho kutafuta Kwa Shitanda akakuta maporomoko ya hoteli. Alikuwa ameyachora mara nyingi mno, yakaingia ndani yakafukuza yale ya kweli. Utoto wake mzima ulikuwa umeuzwa na yeye ndiye aliyeuuza, kipande kwa kipande, akifikiri anauza rangi. Na huyu mtu wa pekee ambaye angeweza kumwambia "ndiyo, ni hapa" alikuwa anapungua kila siku. Akienda kabla ya kuyaona, basi yamekwisha, hakuna wa kumuuliza tena.

Winrose akamtolea chai. "Mulamwa, lala huku leo. Umechoka. Na mimi nimechoka. Tupokezane."

Wakapokezana. Asubuhi jua lilipoanza kuingia dirishani, Roda alileta karai la maji ya vuguvugu, akaliweka sakafuni ili ampanguse kaka yake. Akachovya kitambaa, akakikamua. Alipoinua uso akaona ukuta ulio juu ya kitanda unacheza. Jua lilikuwa limegonga maji ya karai, na maji yakalirusha ukutani, likawa linatetemeka juu ya udongo ule wa zamani, nyuzi nyuzi, likijikunja na kujikunjua.

Mkono wake ukabaki hewani na kitambaa kinadondosha maji.

Unajua mtoto akiteka maji anatazama nini? Hatazami mto kutoka ng'ambo kama mtalii mwenye kamera. Ameinama. Magoti yako kwenye matope, kata iko mkononi, na mbele ya uso wake, karibu kabisa, kuna ukingo. Miaka yote ile Roda na Phanuel hawakuwa wakiyaangalia maji. Walikuwa wakiangalia udongo wa ukingo wa Kwa Shitanda, na mwanga ukichezacheza juu yake. Na Roda alikuwa amesimama mahali wanaposimama wageni, akatafuta huko, akashangaa hapati.

"Hee!" akasema kwa sauti. "Mimi ni mjinga."

Winrose akauliza kuna nini, lakini Roda alikuwa ameshachukua jembe na ndoo anashuka bondeni.

Udongo wa Kwa Shitanda ulikuwepo bado. Mikalatusi haili udongo. Akachimba ule wa kijivu pale bomba lilipo, akachimba mwekundu juu kidogo, akapata na ule mweupe ambao yeye na kaka yake waliufinyangia ng'ombe wa kuchezea wakiwa watoto. Alipanda kilima akipumzika kila hatua chache, miguu inamlilia. Akamwaga vyote uani, akachanganya na samadi na jivu kama mama yake alivyomfundisha, akaanza kukanyaga.

Hapo ndipo Winrose alipotoka jikoni akaona. Akaweka mikono kichwani.

"Mulamwa! Unafanya nini?"

"Nakandika ukuta."

"Mwezi wa Julai? Na mgonjwa yuko ndani?"

Lazima uelewe alichokiona Winrose. Pale kwao nyumba ya udongo hukandikwa karibu na Krismasi. Nje ya hapo hukandikwa mtu akifa, ili wageni wa matanga wasikute kuta zimepasuka. Ukiwaona wanawake wa boma wanakanyaga udongo katikati ya mwaka, huhitaji kuambiwa. Winrose alikuwa amezaliwa Lugari kwenye mashamba makubwa, kwao ni nyumba za mbao na matofali, lakini alikuwa ameolewa hapa siku nyingi na mambo ya hapa aliyajua.

"Unamchimbia kaburi akiwa anasikia," akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi nimemlisha kijiko kwa kijiko, halafu wewe unakuja kuwaita wa matanga? Una roho gani?"

Kabla Roda hajajibu, wakasikia kilio langoni. Alikuwa mama Elkanah, jirani wa ng'ambo ya ua wa michongoma. Alikuwa ameuona udongo. Aliingia amejifunga leso kiunoni, machozi yanamtoka kweli kweli, anaita, "Uuuwi, Phanuel wetu! Uuuwi, ametuacha! Alienda saa ngapi jamani, mbona hamkuita watu?"

Winrose akamfuata kumnyamazisha, lakini mama Elkanah akiisha kuwaka hazimiki upesi. Alifika mpaka mlangoni mwa nyumba ya udongo, akaingiza kichwa ndani aomboleze vizuri, akakutana na macho ya Phanuel yanamtazama.

Akanyamaza katikati ya neno.

"Bado," Phanuel akamwambia.

Mama Elkanah akakaa chini pale pale kizingitini, puu. Kisha ikasikika sauti ndani, kavu, inayokwaruza. Wote watatu walidhani amepaliwa. Kumbe anacheka. Ilimuuma, ungeona alivyoshika koo, lakini alicheka, na mama Elkanah akaanza kucheka huku anajifuta machozi kwa leso, anasema, "Nisamehe baba, nisamehe, ni huu udongo wa dada yako."

Winrose peke yake hakucheka. "Mwambie aache," akamwambia mumewe. "Mwambie."

"Mwache akandike," Phanuel akasema. "Kazi yenyewe ingewangoja tu."

Winrose akatoka akaenda nyuma ya jiko. Akakaa huko muda mrefu.

Roda akakandika. Brashi hakuzigusa siku hiyo, wala rangi za mkebe. Yeye na mama Elkanah walikivuta kitanda wakakigeuza, mgonjwa akawa anautazama ukuta, na Roda akapiga magoti mbele yake. Akapaka tabaka la kijivu kwa kiganja, mikono ikizunguka jinsi mama yake alivyokuwa akizungusha. Juu akatia wekundu. Mahali mizizi ilipokuwa imetokeza ukingoni akachora kwa ukucha. Mahali ng'ombe walipokuwa wamemomonyoa akachimba kwa kifundo cha kidole. Vitu vilimjia bila kuitwa. Tundu la kaa, kulia. Jani la gimbi lililoning'inia. Alama za visigino vyao wenyewe, pale waliposhukia. Hakusimama kufikiri. Alikuwa amechoka mno kufikiri, na nadhani ndiyo maana mkono haukupata nafasi ya kumletea maporomoko.

Hakumaliza siku hiyo. Alilala kwenye mkeka na udongo umemkaukia viwikoni.

Asubuhi akaulowesha ukuta kwa kitambaa, ukang'aa kama ulivyong'aa ukingo. Akajaza karai, akalisogeza chini ya dirisha, akasubiri jua. Lilikuja polepole, likapita kwenye mti wa parachichi, likaingia dirishani, likagusa maji. Mwanga ukapanda ukutani, ukaanza kucheza juu ya udongo wa Kwa Shitanda.

Roda hakuuangalia ukuta. Alimwangalia kaka yake.

Phanuel alikuwa amefungua macho. Uso wake haukuonyesha kitu. Alitazama, akapepesa, akatazama. Hakusema ni ya hoteli. Hakusema ndiyo wala siyo. Winrose aliingia na kikombe cha uji, uso bado umevimba kwa kilio cha jana, akasimama nyuma ya Roda bila kumsemesha.

"Kaka," Roda akasema. "Kaka, ni hapo?"

Macho ya Phanuel hayakuondoka ukutani.

Basi, Roda akajiambia. Basi, imeshindikana. Akaona mahali pamoja karibu na mzizi pamekauka na kufifia, akainuka na kitambaa apaloweshe, maana hata kama ni kazi bure hakuzoea kuacha kazi nusu. Mguu wake ule uliovimba ukaligonga karai. Maji yakaruka, na mwanga ukavunjika ukutani, ukatawanyika vipande vipande kila upande.

"We Roda!"

Sauti ilitoka kavu lakini ilitoka, na ilikuwa sauti ya kaka mkubwa mwenye hasira. Winrose nusura aangushe uji.

"Umeshatibua maji," Phanuel akasema. "Kila siku nakwambia. Toka. Toka hapo, kaa huku, tungoje yatulie."

Roda akatoka mbele ya ukuta. Akakaa sakafuni kando ya kitanda, na kaka yake akamshika bega asiingie tena. Winrose akaweka kikombe chini taratibu, akaja akakaa nao. Wakangoja maji yatulie.