Kibali cha Sanda

Jumamosi moja ya mwaka 1944, saa tatu asubuhi, Marijani, fundi seremala wa Keko, alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, ameshaoshwa, pamba puani, karafuu maiti imeshasagwa. Kilichokosekana ni sanda. Vita vilikuwa vimemaliza nguo madukani, na kitambaa cha marekani nyeupe hakikuuzwa mpaka mtu apate kibali.

Mkewe Mauwa akarudi kutoka ofisi ya vibali mikono mitupu.

"Karani Adelard anasema mwenye sanda aje mwenyewe atie dole gumba," akawaambia waosha maiti. "Au nimpelekee majogoo wawili. Nami hata kifaranga sina."

Marijani akatoa pamba puani, akaomba shuka yake ya kushindia.

"Usikanyage vumbi basi," mwosha mmoja akamwambia. "Tumeshakuosha, na maji yenyewe tunachota mbali."

Wakaenda kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma. Adelard akakishika kidole cha maiti, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hakikutoa alama. Akakipulizia, akajaribu tena.

"Kimekauka. Kaa kwenye foleni, mzee, wewe wa saba. Lakini mkono mtupu haulambwi, nyie mnajua."

"Twende zetu, baba Tatu," Mauwa akamnong'oneza mumewe. "Nitakuzika na kanga zangu."

Marijani akamwonyesha tangazo ukutani: KIBALI CHA SANDA NI BURE.

"Serikali haiwezi kuandika uongo ikaupigia muhuri. Mie nangoja."

Jioni ofisi ikafungwa, Marijani akabaki barazani, mkewe akarudi nyumbani. Shehe akasema eda ihesabiwe tangu roho ilipotoka, maziko yasingojewe. Basi Mauwa akakaa ndani miezi minne na siku kumi. Habari aliletewa na jirani yake Rosalia: Marijani hanuki, amekauka tu kama ubao wa mninga uliowekwa kivulini. Bwana Mzungu mwenye ofisi alipita, akawasifu watu kwa kutulia kwenye foleni. Kaburi alilochimbiwa lilijaa maji ya mvua, likafukiwa, likachimbwa tena.

Eda ilipokwisha Mauwa akaoga, akavaa, akaenda. Nyuma ya ofisi mtu alikuwa akipakia majora mawili ya marekani kwenye mkokoteni. Kuku walilia chini ya meza ya Adelard. Marijani, aliyekuwa wa saba, sasa alikuwa wa kumi na moja.

"Wanaonipita wana haraka zao," akamweleza mkewe. "Ila tangazo bado lipo, umeliona?"

"Nimeliona."

Mauwa akauliza wa mwisho ni nani, akakaa nyuma yake.

Adelard akainua uso. "Mama, umefiwa na nani tena?"

"Sijafiwa," Mauwa akasema. "Sanda ni yangu mwenyewe. Nawahi foleni."