Kiti cha Kupimia

Kamera ilifika kwenye karakana ya Gatete, pale Mbugangari, ikiwa imefunikwa blanketi na kufungwa kwenye baiskeli kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma yake alitembea Nyiransabimana, muuza vidagaa vya ziwani viitwavyo sambaza, ambaye majirani walimwita Mama Illuminée, akimgombeza mwenye baiskeli kila gurudumu lilipogonga jiwe. Na mawe ya mji huu hayahesabiki. Volkano haikutufanyia uchoyo.

"Fundi, hii ndio ile kamera ya Papa Janvier, marehemu bwana yangu," alisema hata kabla ya salamu. "Uitengeneze. Mi nataka photo yangu ya hii kamera. Ya telefone sitaki."

Gatete alifunua blanketi. Alikuwa seremala aliyerudi kutoka Tanzania miaka mingi iliyopita na Kiswahili cha Karagwe ambacho majirani walikitania kwamba kimepigwa pasi. Alizitazama mbao nyekundu zilizopauka, skrubu za shaba zilizoota ukijani, na ule mfuko mrefu wa ngozi uliokunjwakunjwa kama wa kodiani, ambao panya walikuwa wameufanyia karamu.

"Mama Illuminée, mimi natengeneza vitanda na makabati."

"Na hii si kabati? Iko na mulango mbele, iko na mulango nyuma."

Gatete alicheka, akaipokea. Kwa mama yule kukataa kulikuwa kazi kubwa kuliko kutengeneza.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Siku chache kabla walimzika mwenzake wa sokoni, na picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka marehemu akaonekana kama mtu anayeshukiwa wizi. Nyiransabimana alirudi nyumbani amenuna. Alijua kwamba naye akifa leo, watoto wake watakuwa na kitambulisho tu cha kukuza. Mke wa mpiga picha! Mke wa Studio Janvier, ambayo zamani ilijulikana na kila mtu aliyepita kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, kutoka upande huu na upande wa Goma!

Zamani hiyo alikuwa bado anaiona vizuri kuliko jana. Jumapili baada ya misa foleni ilifika barabarani: watoto wa komunyo ya kwanza, wachumba walioogopa kugusana mabega, wanajeshi waliotaka bereti ikae upande, wachuuzi wa mpakani waliokodi koti palepale studio. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ziwa, kana kwamba ziwa lenyewe halikuwa pale chini ya mteremko. Harufu ya poda na dawa za kuoshea picha ilimfuata Janvier mpaka mezani, mpaka kitandani. Nyiransabimana aliipenda harufu ile, na hadi leo akiisikia poda ya aina ile kwa mtu sokoni hugeuka.

Kazi yake pale studio ilikuwa kukaa. Wateja walikuwa na woga. Ukiwaweka muda mrefu mbele ya lile jicho la kioo wanakakamaa. Kwa hiyo kabla ya kila mteja Janvier alimwita mkewe: "Njoo nipime." Nyiransabimana alikaa kwenye kiti, Janvier akaingia chini ya kitambaa cheusi, akasogeza kamera mbele, akairudisha nyuma, akachukua muda wake. Kisha mkewe aliinuka, mteja akakaa palepale, na picha ikapigwa. Picha ya mteja, bila shaka. Yeye aliambiwa kesho. Leo mwanga mbaya, kesho. Hata harusi yao haikuwa na picha, kwa sababu mpiga picha ndiye aliyekuwa bwana harusi. Miaka ikaenda hivyo, mpaka Janvier akafa pamoja na ile kesho yake.

Nisiwafiche, jambo lile lilimuuma mama huyu. Lilimuuma kuliko kilio chenyewe, maana kilio kina mwisho. Alimpenda mume wake, na alikuwa na hakika kwamba mume wake hakuwahi kumwona kuwa anafaa kupotezewa karatasi moja.

Gatete alifanya kazi kwa subira. Alileta ngozi laini ya mbuzi kutoka Bugeshi, akaikwangua mpaka ikawa nyembamba, akaikunja juu ya mikunjo ya zamani na kuibandika kwa gundi. Aliingiza tochi ndani ya mfuko, akajifungia stoo mchana kweupe kutafuta matundu, na kila palipopenya mwanga akaweka kiraka. Alipiga mbao msasa mwepesi, akazisugua shaba kwa ndimu. Nyiransabimana alipita kila jioni na beseni lake tupu, akatoa kasoro hapa na pale, akaondoka akiwa na furaha aliyojaribu kuificha.

Kamera ilipokamilika walimwita Cyusa, kijana mwenye mke na watoto wawili, mpiga picha za harusi mjini. Alikuwa amepewa na rafiki yake wa Goma karatasi ya picha ya kizamani, moja tu, na aliahidi kuipiga na kuiosha mwenyewe. Cyusa aliingia chini ya kitambaa, akakaa humo, akatoka akijikuna kichwa.

"Sioni kitu. Naona nje tu, kama dirisha. Hii kioo ya nyuma nani aliiweka?"

"Mimi!" alisema Nyiransabimana kwa fahari. "Kwa gukura ikiriyo. Tulikuwa tunamaliza kilio, watu wanakuja, nikaosha nyumba yote. Ile kioo ya zamani ilikuwa chafu, nyeupenyeupe kama iko na moshi. Nikasugua na sabuni, nikasugua na majivu, ikakataa. Nikaenda kwa mutu wa madirisha akanikatia hii. Si iko muzuri?"

Cyusa alimtazama Gatete, Gatete akatazama randa yake.

"Mama," alisema Cyusa taratibu, "ule ukungu ndio ulikuwa kazi yake. Picha inatua pale, mutu anaiona anapima. Kwa kioo safi inapita tu."

Nyiransabimana alikaa juu ya gogo. Alikuwa amemheshimu marehemu kwa kumwosha macho yake na kuyatupa. Ndivyo alivyosema, na hakuna aliyecheka.

Gatete ndiye aliyefikiria vumbi la volkano. Alilichekecha kwa kitambaa mpaka likabaki laini kama unga wa muhogo, akalimwaga juu ya kile kioo pamoja na maji, akaweka kipande kingine cha kioo juu yake. "Sasa ni kusugua tu. Mviringo, mviringo. Usikandamize sana."

"Leta," alisema mama. Hakumruhusu mwingine aguse. Alisugua kwa mikono iliyozoea magamba ya samaki, akiongeza maji, akiongeza vumbi, akimnong'oneza Janvier kwa Kinyarwanda mambo ambayo hayatuhusu. Kioo kikaanza kupauka pembeni, kisha katikati, mpaka kikawa cheupe chote kama pumzi juu ya kioo cha asubuhi. Gatete alikikausha, akakirudisha mahali pake.

Siku ya picha alikuja amevaa vazi la sherehe, umushanana wa rangi ya zambarau, na poda usoni. Waliweka kamera uani, penye kivuli cha ukuta mweupe, na kiti cha mbao mbele yake. Alikaa bila kuelekezwa. Mgongo wake ulikijua kiti. Cyusa akaingia chini ya kitambaa.

"Yayaya! Mama, iko juu-chini lakini iko nzuri sana! Naona mpaka unyoya wa jicho. Subiri, nakaribia kidogo… hapo. Naona uso yako tu, vingine vyote vinapotea."

Alichukua muda wake. Kisha akatoka, akaichomeka karatasi nyuma ya kamera ndani ya kasha lake jembamba, akashika kifuniko cha lenzi.

"Usitikisike, mama. Hii karatasi iko polepole."

Nyiransabimana aliinua kidevu. Ndiyo dakika aliyoingoja tangu ujana wake. "Unaniona muzuri?" aliuliza.

"Saa hii sikuoni. Karatasi ikiingia inafunika kioo, ndani kunakuwa giza. Nilikuona kabla yake, wakati wa kupima."

"Kila mara iko hivyo?"

"Kamera hizi? Kila mara."

"Donc, yaani wale wateja… Wale wote, Papa Janvier hakuwaona mule ndani?"

"Kwa kioo? Hapana, mama. Anaonekana ule mwenye anapimiwa tu."

Gatete, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha gundi mkononi, aliona mama yule akikishusha kidevu alichokuwa amekiinua, na akaelewa muda mfupi baada yake. Wachumba, wanajeshi, watoto wa komunyo, hakuna hata mmoja. Katika miaka yote ile, chini ya kitambaa kile, Janvier alikuwa ametazama uso mmoja, kila siku, kwa muda aliotaka, vingine vyote vikiwa vimepotea. Na mwenye uso alikuwa amekaa pale akisonya, akihesabu kwamba amesahauliwa.

Machozi yalichimba njia kwenye poda. Cyusa aliteremsha mkono kutoka kwenye lenzi.

"Mama, usilie sasa, photo itaharibika. Karatasi iko moja tu."

"Itoe."

"Nini?"

"Toa hiyo karatasi, mwanangu. Weka pembeni. Rudi ndani ya kitambaa, uniangalie tena."

Cyusa alimgeukia Gatete. Gatete alitikisa kichwa kukubali. Karatasi ikatolewa, kitambaa cheusi kikainuliwa na kushuka. Nyiransabimana hakufuta machozi. Aliweka mikono mapajani, akauelekeza uso wake kwenye kioo, na akatabasamu kama msichana anayejua kabisa kwamba anatazamwa.

"Usifanye haraka," alisema.