Kidole Gumba cha Celestini

Filamu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa mbovu. Wiston, kijana wa Ngara mjini anayepiga video za harusi, ndiye aliyeitunga, akaiongoza, na bila aibu akajipa na nafasi ya steringi. Adui mkuu alimleta kutoka Mwanza, jamaa wa miwani nyeusi, kazi yake kufoka toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayemkumbuka. Mtu akikwambia anamkumbuka, mwambie akutajie sentensi moja tu aliyoisema.

Aliyekumbukwa ni Celestini, mkulima wa Bugarama, mtu wa kahawa na migomba, mpole hadi mbuzi wake wamemzoea vibaya. Alipewa dakika tatu: msaidizi wa adui, anayemkaribisha mgeni pombe ya ndizi. Hakuwa na neno hata moja la kusema. Mwishoni, pale majina yanapopanda, hata mwenye bodaboda iliyobeba kamera alitajwa, Celestini hakutajwa. Lakini dakika zake tatu ndizo zilizowakosesha watu usingizi.

Huku kwetu mwenye nyumba huonja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kibuyu, nawe unakunywa kwa amani kwa kuwa umeona haina kitu. Katika filamu Celestini anafanya hivyo hivyo. Anaonja, anatabasamu, ananyoosha mkono. Na kibuyu kinapotoka mkononi mwake kwenda kwa mgeni, kidole gumba chake kinateleza ndani ya mdomo wa kibuyu, kinagusa pombe, kinatoka. Ukipiga chafya hukioni. Mgeni anakunywa, mgeni anakufa.

Mkewe, Ildefonsa, aliiona kwenye banda la video Jumapili baada ya misa. Alikwenda kucheka. Celestini alipotokea kwenye skrini watu wote walicheka kweli, wengine wakapiga makofi. Kilipopita kile kidole, banda zima likanyamaza. Lile tabasamu Ildefonsa alilijua, ndilo analopewa kila asubuhi pamoja na kikombe cha chai.

"Baba Niragira," alimuuliza njiani, "kile kidole umekitoa wapi?"

"Ni sinema tu, mama Niragira."

Akatangulia mbele. Ildefonsa alitaka kuamini, basi akaamini, mwanamke mwenye shamba la kupalilia hana nafasi ya kuchimba kila kitu.

Majirani hawakuamini. Esperansia wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kukataa pombe tangu abatizwe, alianza kuumwa tumbo kila akikaribishwa. Kwenye kikundi cha kusaidiana kulima, kibuyu cha Celestini kilizunguka watu kumi na nne kikarudi kimejaa. Wanaelewa kuwa ni maigizo, walisema, ila mtu haigizi kitu ambacho mkono wake haukijui. Mjinga gani alianzisha maneno hayo sijui, lakini yalienea.

Hayo yote Ildefonsa angeyavumilia kama si posa. Niragira, binti yao wa kwanza, alikuwa ameposwa na Fideli, mwalimu wa shule ya msingi Biharamulo, kijana mwenye adabu zake. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kukaa na wazazi na kupokea jibu. Siku hiyo baba wa binti huwapa wageni pombe kwa mkono wake mwenyewe. Wakinywa, mtoto ameolewa, mengine ni maneno tu. Wakikataa pombe, wamemkataa na mtoto, na hakuna siku ya pili. Na ile filamu ilishafika Biharamulo kwenye simu za watu.

"Mpe baba mdogo awakaribishe," Ildefonsa alishauri. Alimaanisha mzee Gaspari, mdogo wa marehemu baba yake Celestini. Ndiye aliyemlea Celestini baada ya baba yake kufariki katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, na tangu Celestini na Ildefonsa waoane alikuwa akiishi nao, anakula nao, Ildefonsa anamwita baba.

"Hapana," Celestini alisema. "Mtoto ni wangu, si wake."

Ildefonsa alishangaa. Hakuwa amezoea kusikia sauti hiyo ikimtoka mumewe.

Jumamosi wakwe walifika kwa magari mawili, wamependeza. Walitangulia mzee Matiasi, baba yake Fideli, na dada wa mzee huyo, Domisiana, mama mnene anayesema yote ambayo kaka yake anayafikiria. Wakasalimiana, shikamoo kwa marahaba, wakaketi uani kwenye viti vya kuazima. Wiston naye alikuwepo na kamera yake, kaalikwa kupiga video. Mzee Gaspari aliketi mlangoni na fimbo yake. Macho yake ni mabovu, skrini humwia ukungu tu, hajaiona ile filamu hata kidogo.

Celestini akaleta kibuyu. Maskini, alikishika kwa chini, vidole vyote kumi vikionekana, kama mtu anayebeba mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Akaonja. Akampa mzee Matiasi. Mzee Matiasi akakipokea, akakitazama, akakiweka juu ya goti lake na asinywe.

"Mkwe, usituone vibaya," Domisiana alisema. "Sinema tumeiona. Tuna swali moja tu, likijibiwa tunakunywa. Hivi," akachukua kikombe, akaonesha mbele ya watu wote jinsi kidole gumba kinavyoteleza ndani na kutoka, "hivi nani alikufundisha?"

"Ni Wiston," Celestini akajibu haraka. "Mwongozaji ndiye alinionesha."

Pale pangeweza kuisha. Ildefonsa alishaanza kupumua. Lakini Wiston, jamani, Wiston akashusha kamera.

"Hapana, wazee wangu, siwezi kuchukua sifa isiyo yangu," alisema, uso unang'aa. "Mimi niliandika tu 'anatia sumu'. Nilimpa kwanza yule jamaa wa Mwanza, akakosea mara saba. Huyu alifanya mara moja. Nikamwomba arudie, mkono ukamtetemeka, akakataa. Huyu ni mwigizaji wa kuzaliwa, hakufundishwa na mtu yeyote."

Aliamini anamsifu. Ildefonsa alitamani kumpiga na kigoda.

Mzee Matiasi akakishusha kibuyu, akakiweka chini, juu ya udongo. Kwenye dirisha la chumbani, ambako Niragira alikuwa anachungulia na mama zake wadogo, pazia liliacha kutikisika. Fideli aliinamisha kichwa. Domisiana akaanza kufunga vizuri khanga yake, tayari kwa safari.

"Basi tumejibiwa," alisema. "Mtu hawezi kufanya vile kwa mara ya kwanza."

"Baba Niragira," Ildefonsa alisema, na hakujali tena nani anamsikia, "kama una neno, liseme. Mtoto wako anaachwa hivi hivi, unatazama."

"Siwezi," Celestini alisema.

Wageni walikuwa wameshasimama. Ndipo mzee Gaspari, kule mlangoni, alipoinuka kwa fimbo yake. Alikuwa bado ameukodolea macho mkono wa Domisiana.

"Kaeni," alisema. "Hajafundishwa na mtu. Aliniona mimi."

Wiston alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee, kisha akaacha.

"Lukole, mwaka wa tisini na sita," mzee Gaspari aliendelea, sauti kavu, kama mtu anayeeleza mbuzi amepitia njia gani. "Aliyekunywa ni kaka yangu, baba yake huyu. Tuligombania kadi ya mgao wa mahindi. Huyu alikuwa na miaka tisa, ameketi katikati ya magoti ya baba yake. Miaka yote hii nilidhani mtoto hakuona. Hiyo sinema sikuiona. Leo ndiyo naoneshwa na huyu mama."

Ildefonsa alisikia maneno yote na hayakuingia. Yule mzee, yeye Ildefonsa ndiye aliyemfulia mashuka. Alimpikia uji alipougua. Wanawe wote wawili walijifunza kutembea wakiwa wameshika ile fimbo. Aligeuka amtazame mumewe, aone mshtuko usoni mwake, waushike pamoja. Usoni mwa Celestini hapakuwa na mshtuko. Hilo ndilo lililommaliza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwite baba. Ukaniacha nimpe watoto wangu awabebe."

"Nilikuwa na miaka tisa," Celestini alisema, akitazama chini. "Mama alishafia njiani. Nani mwingine angenilisha? Baadaye nilipokua, nikawa sijui naanzia wapi."

Mtu mmoja upande wa wageni alinong'ona kwamba ndiyo basi, ukoo huu hauoleki. Na kwa kweli ilikuwa hivyo, kila aliyekuwa pale alijua. Ildefonsa alilitazama lile pazia.

Mzee Matiasi hakuondoka. Kofia mkononi, alimsogelea Gaspari hadi karibu.

"Mzee mwenzangu, umeishi kwenye nyumba hii miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Pombe anakupa nani?"

"Yeye."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni."

Mzee Matiasi akamtazama, toka viatu hadi mvi. Alitazama mashavu, alitazama tumbo, alitazama yale meno ambayo wazee wengi wa umri ule wameshayasahau. Alimtazama vizuri, taratibu, kama anakagua ng'ombe. Halafu akarudi palipokuwa na kibuyu, akainama, akakiokota, akanywa. Hakuonja, alikunywa hasa, koo likipanda na kushuka mbele ya watu wote. Akajifuta mdomo, akampa dada yake.

"Kunywa," alimwambia. "Kama mkono huu ungekuwa wa kuua, ungeanza na yule pale."

Domisiana akakipokea. Akanywa. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, Fideli akanywa huku machozi yanamtoka. Chumbani mtu alipiga kigelegele kimoja, akakikatiza, hakujua kama kinafaa. Ildefonsa alikaa chini palepale uani na gauni lake jipya. Mwanawe ameolewa.

Kibuyu kilipozunguka kikaisha, Celestini alikijaza tena, kwa kuwa mzee wa nyumba alikuwa bado, na desturi haimruki mzee. Alikwenda hadi mlangoni. Akaonja mbele yake, akafuta ukingo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Gaspari alikipokea. Alichungulia ndani kwa macho yake mabovu, akamtazama Celestini, akachungulia tena. Pombe ilianza kumwagika, kwanza kwenye vidole, kisha kwenye suruali.

"Kunywa, baba mdogo," Celestini alimwambia kwa upole, kama anavyomwambia kila jioni.

Gaspari hakuweza.