Nusu Yetu, Nusu Yao

Msitu ule ulikuwa mali ya halmashauri mbili, na afisa misitu, binti mbichi kutoka chuoni, ndiye aliyezipatanisha: nusu ijengwe soko, nusu ibaki miti, ili chemchemi ya katikati isikauke. Wajumbe walimpigia makofi. Shangazi yake, aliyechota maji pale tangu usichana, alimwambia, "Nimekuamini, mwanangu."

Siku ya kuanza kazi, binti alikuta tingatinga zinanguruma pande zote mbili.

"Jamani, mbona mnakata na huku?"

"Huku ni kwetu," akajibu mwenyekiti wa halmashauri ya kwanza. "Nusu ya kuhifadhi ni ile yao."

Akamkimbilia wa pili. Huyu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Binti, wapenda miti ni wenzetu. Sisi tunajenga."

Walikubaliana nusu kwa nusu. Nusu ipi, hakuna aliyesema, na yeye, akiwa amelewa makofi, hakuuliza.

Shangazi akaja na ndoo, akakuta chemchemi ni tope tupu. Akaigeuza ndoo kifudifudi, akaikalia, akitazama miti ikianguka.

"Shangazi, nahodha wengi, chombo huenda mrama," binti akajitetea.

"Nahodha ulikuwa wewe."