Mfano wa Mwalimu Githae

Moyo wa Kavindu ulishtuka aliposikia Gatuanyaga ikitajwa, kwa sababu katika darasa zima la saikolojia hakuna mwingine aliyetoka huko.

Saikolojia lilikuwa somo jipya katika shule yao ya kutwa mjini Thika, na kidato cha tatu walilipenda kwa kuwa Mwalimu Githae alijua kusimulia. Siku hiyo aliwafundisha kukana, jinsi akili inavyojikinga kwa kukataa jambo linaloumiza.

"Niwape mfano," alisema. "Kuna mama mmoja huko Gatuanyaga. Kijana wake alikuwa wa boda boda, akagongwa na lori, akafa. Sasa huyo mama, mpaka leo, kila Jumamosi anafua koti la marehemu, analianika, likikauka analitundika mlangoni. Ni kama anamngojea."

"Huyo ni chizi, mwalimu!" Byron akapaza sauti kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Githae naye akatabasamu. "Hatusemi chizi, Byron. Tunasema anakana."

Masikio ya Kavindu yaliwaka moto. Mama huyo alikuwa mamake. Kijana huyo alikuwa Kaveke, kakake mkubwa. Shuleni kote aliyejua habari za koti alikuwa mtu mmoja tu, Githae huyu huyu, maana ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Muhula uliopita Kavindu alikaa ofisini mwake akalia mpaka akaishiwa na sauti, baada ya kuahidiwa kwamba yanayosemwa humo hayatoki nje.

Akasimama. "Mwalimu, huyo mama ana jina?"

"Kaa chini, Kavindu. Majina hatutaji."

"Anaitwa Mbithe. Ni mamangu. Na aliyekufa anaitwa Kaveke. Si umalizie basi? Waambie pia vile nililia!"

Kicheko kilikatika ghafla. Githae aligeukia ubao, akaanza kufuta. "Tutaongea baadaye, ofisini."

"Ofisini tena? Ulisema hapa, tuongee hapa! Mwongo wewe!" Akalipiga dawati teke, likaanguka kwa kishindo, vitabu vikatawanyika.

Alitumwa nyumbani akamlete mzazi.

Kesho yake mamake alikuja akiwa amevaa sweta ya kwenda kanisani. Bi Wangeci, naibu wa mwalimu mkuu, akamsomea makosa, Githae akiwa ameketi kando: mtoto amemtukana mwalimu, amepindua dawati. Habari za koti hakuzigusa. Kavindu hakuwa amemwambia mamake kilichotokea. Tangu nyumbani alikuwa ameyameza maneno. Lakini alipoona anafanywa mkosaji peke yake, akayamwaga yote.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, na hakumgeukia mwalimu.

"Kwa hivyo ni wewe ulimwambia."

"Mwaitu," Kavindu akamwita mamake kwa Kikamba, "nilikuwa nimelemewa. Sikuwa na mtu wa..."

"Mambo ya Kaveke wangu, Kavindu. Ukayapeleka kwa mtu wa nje."

Githae akaingilia kwa sauti ya upole. "Mama, jina sikutaja. Ulikuwa mfano tu."

"Mfano," mama akasema. "Umewahi kufika kwangu, mwalimu? Umeniuliza nafua kwa nini?"

Mama akabeba mkoba wake, akatoka bila kuaga, akasimama nje karibu na dirisha lililokuwa wazi.

Kavindu alibaki amesimama. Alimkasirikia Githae, akamkasirikia Byron, na sasa, jambo lililomuuma zaidi, akamkasirikia na mamake.

"Utarudi darasani ukishaomba msamaha," Bi Wangeci akasema.

"Nitaomba kwa ajili ya dawati. Lakini yeye aanze. Na aombe palepale aliposemea."

Bi Wangeci alimtazama Githae. "Mwalimu, ulikuwa umemwahidi siri?"

Githae akaitikia kwa kichwa tu.

"Basi utaanza wewe," Bi Wangeci akasema.

Kesho yake, katika kipindi cha saikolojia, Kavindu alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Githae akakohoa. "Kama kuna mtu aliumizwa na mfano wangu, pole."

"Hakuna cha kama," Kavindu akasema. "Sema ulichofanya."

Byron aliinamia kitabu chake. Githae alishika chaki, akaiweka chini, akashusha pumzi.

"Kavindu aliniambia siri yake ofisini, nami nikaileta hapa ili somo linoge. Mkacheka, na mimi nikatabasamu. Nilikosea."

"Na mimi nisamehewe kwa dawati," Kavindu akasema. Akaenda kuketi. Alikuwa ametarajia kupata nafuu, ila neno hata moja la somo lile halikumwingia.

Jioni alimkuta mamake jikoni akichambua maharagwe. Hawakuwa wamesemezana tangu jana.

"Alisema?" mama akauliza bila kuinua macho.

"Alisema."

"Mbele yao wote?"

"Wote."

Mama akatupa kijiwe nje ya mlango. "Sawa. Lakini wewe bado nimekukasirikia."

"Hata mimi, mwaitu. Nimekukasirikia."

Mama akasogea kidogo kwenye benchi. Kavindu akaketi, akavuta ungo upande wake, wakachambua maharagwe pamoja, wote wamenuna.